Shangazi, kile kisanduku sijakifungua

Shangazi, shikamoo.

Kile kisanduku cha kupima vinasaba (DNA) kwa mate ulichotuletea Desemba kiko palepale juu ya kabati la vyombo, nailoni yake haijachanwa. Juzi kwenye simu umeniuliza tena kama nimeshatema mate kwenye kichupa, nikakwepa. Leo nakujibu, tena hadharani, maana najua familia nyingi zenye mtu Marekani zimeletewa zawadi kama hii.

Wewe ndiye uliyenisimulia habari za Joseph DeAngelo wa California, polisi wa zamani aliyeua watu 13 na kubaka makumi ya wanawake miaka ya 1970 na 1980. Alikamatwa Aprili 2018, mzee wa miaka 72. Wapelelezi waliingiza vinasaba vya mhalifu kwenye tovuti ya GEDmatch, ambako watu hutafuta ndugu zao. Wakapata ndugu zake wa mbali, waliochangia naye mababu wa karne ya 19. Wakachora ukoo tawi kwa tawi, wakashuka mpaka kwake, kisha wakaokota karatasi laini kwenye taka zake wakaipima. Ni yeye. Nafurahi mpaka leo kwa ajili ya wale wanawake waliosubiri zaidi ya miaka 30.

Ila kuna kijana wa New Orleans ambaye baba yake alitoa vinasaba kwa ajili ya utafiti wa asili za familia. Vikaonekana kukaribiana na vya muuaji, basi mwaka 2014 polisi wakamfuata kijana kwa mauaji ya 1996 huko jimbo la Idaho, wakachukua mate yake. Alikaa kama mwezi mzima akisubiri kuambiwa si yeye. Kosa lake ni kuzaliwa na baba yule.

Hapo ndipo ninapokwama, Shangazi. Wewe ni dada wa baba. Robo hivi ya vinasaba vyangu unayo mwilini mwako, na ulipotema mate yako mwaka juzi, ilienda nayo. Hatukuulizwa mimi, baba wala Bibi.

Sikulaumu. Naomba ufungue akaunti yako uangalie kama umekubali polisi watafute humo. GEDmatch tangu Mei 2019 waliwaachia watu wachague wenyewe. Kama umekubali, tuzungumze kabla hujaendelea. Pengine nitakubaliana nawe.

Na kichupa cha Bibi usikitume kwanza. Jumapili nakwenda kwake, nitamweleza pole pole, aamue mwenyewe.