Msiangalie shingo tu, pimeni na damu

Mhariri,

Nakuomba nafasi katika safu ya wasomaji niseme juu ya ugonjwa wa kulegea kwa tezi ya shingo, yaani thairoidi, ambao huku Nyanda za Juu Kusini tumezoea kuutafuta mahali pamoja tu: shingoni.

Sisi tuliokulia Makete tunaijua goita, yaani uvimbe wa tezi hiyo. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na rovu lililolalia shanga zake, na hakuwa peke yake kijijini. Mvua za milimani zimeusomba udongo wetu madini joto tangu enzi na enzi, na chumvi ya dukani wakati ule haikuwa nayo. Zikaja kapsuli za mafuta yenye madini joto, kisha katikati ya miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi iongezwe madini hayo. Leo mavimbe makubwa kama la bibi huyaoni mara kwa mara. Ni kazi njema na naishukuru. Lakini imetuachia mazoea mabaya: mwenye shingo isiyo na uvimbe anahesabiwa kuwa tezi yake ni nzima. Mimi shingo yangu ni nyembamba mpaka leo, na tezi yangu ilikuwa imekaribia kuzimika.

Ilianza kwa baridi. Nani Uyole atamshangaa mtu anayelalamikia baridi mwezi wa Juni? Nilivaa sweta mbili, nikajifunga blanketi, nikaota jua la saa saba mchana, na vidole bado havikupata joto. Wenzangu ofisini wakasema hiyo ndiyo Mbeya. Nikanenepa, wakasema mwalimu umenawiri. Wala sikuwa nimeongeza chakula. Uso ulivimba asubuhi, choo kilikuwa kigumu na kinakuja baada ya siku nne au tano, hedhi ikawa nzito, mkono ukafa ganzi nikiwa katikati ya kuandika ubaoni. Kilichoniogopesha zaidi ni kusahau. Siku moja nilisimama mbele ya darasa nililolifundisha miaka miwili, nikashindwa kuyakumbuka majina ya watoto wa dawati la mbele kabisa. Na kwenye kwaya ya ushirika wetu, ambako niliimba sauti ya kwanza tangu usichana wangu, koo likaanza kukwaruza. Mwalimu wa kwaya akanihamishia sauti ya pili, kwa upole sana, nikaenda kulia nyuma ya kanisa.

Kwa zaidi ya mwaka mmoja nilitibiwa taifodi mara tatu. Kwingine nikaambiwa damu imepungua, nikapewa vidonge vya madini ya chuma. Kwingine tena nikaambiwa mafuta yamezidi kwenye damu. Mmoja alisema ni umri tu, ukomo wa hedhi unakaribia, nizoee. Sisemi walidanganya. Damu ilikuwa pungufu kweli, na mafuta yalikuwa juu kweli. Tezi ikilegea inaweza kuyaleta yote mawili. Ila kila mmoja alitibu alichokiona siku hiyo, akaniruhusu niende. Nyumbani ndugu wakaanza kunong'ona kwamba nimechezewa.

Aliyenigundua si bingwa wa homoni. Ni daktari wa kawaida, kijana, ambaye aliniacha niongee mpaka nikamaliza. Akaniuliza sauti yangu zamani ilikuwaje. Akatazama nyusi zangu, ambazo zilikuwa zimepukutika pembeni. Akanipigisha magoti juu ya kiti, akagonga kano ya kisigino kwa nyundo ndogo ya mpira. Unyayo ukashtuka, kisha ukarudi taratibu mno, mpaka mimi mwenyewe nikauona. Akaandika kipimo kimoja cha damu: TSH. Majibu yalikuja 62. Kwa mtu mzima ambaye tezi yake inafanya kazi, kwa kawaida ni kama 0.4 hadi 4, kutegemea maabara.

Hapa naomba nieleze, maana ndipo wagonjwa wengi tunapochanganyikiwa. TSH ni homoni, lakini haitoki kwenye tezi ya shingo. Inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamsha ile ya shingo itoe homoni yake, thairoksini. Tezi ya shingo ikilala, anayeiamsha anazidi kugonga mlango. Kwa hiyo namba ikiwa kubwa, tezi iko chini. Mhudumu mmoja niliyemwonyesha karatasi yangu alisoma 62 akaniambia homoni imezidi, dawa niiache. Ningemsikiliza, sijui kama leo ningekuwa nakuandikia.

Daktari alinieleza kwamba kinga ya mwili wangu ndiyo inayoishambulia tezi. Ugonjwa huo unaitwa Hashimoto, jina la daktari Mjapani aliyeueleza mwaka 1912. Chumvi yenye madini joto haiutibu. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaowauzia wagonjwa unga wa mwani kwa ahadi kwamba utaamsha tezi. Mwani una madini joto mengi, na kwa tezi kama yangu yakizidi yanaweza kuilemaza zaidi. Chumvi ya kawaida ya mezani endeleeni nayo, ifunikeni vizuri. Hayo mengine mwulizeni daktari kwanza.

Dawa yenyewe ni levothairoksini, kidonge kidogo cha kila siku, kwangu mimi ni cha maisha. Kinamezwa kwa maji matupu asubuhi kabla ya kula, kisha unasubiri nusu saa hadi saa nzima. Kwa baridi ya huku, kuitazama chai ya Rungwe ikitoa mvuke saa nzima bila kuigusa ni mtihani, lakini chai, kahawa na maziwa vinaweza kuizuia dawa isiingie mwilini vizuri. Baada ya wiki nane nilipima tena, TSH ikawa bado 31. Daktari hakukimbilia kuongeza dozi. Aliniuliza: "Mama, unameza nini kingine?" Nilikuwa nameza vile vidonge vya chuma pamoja na dawa ya tezi, kwa mkupuo mmoja. Akaniambia nivitenganishe kwa saa nne. Kipimo kilichofuata kilikuwa 6, ndipo dozi ikapandishwa kidogo.

Kwa swali lile moja nilijua nimempata daktari wangu. Kabla yake niliwaacha wawili, bila ugomvi, na siwaonei haya wanaofanya hivyo. Bingwa tutamhitaji pale ambapo mgonjwa ni mtoto, au ana mimba, au moyo una shida, au kuna uvimbe shingoni. Sisi wengine tunatosheka na daktari anayeuliza, anayeandika namba, anayekupa tarehe ya kurudi baada ya wiki sita hadi nane kila dozi inapobadilika. Nina daftari langu la namba hizo tangu siku ya kwanza, na yeye hulifungua kabla ya kunipima presha.

Kwa wakuu wa afya wa mikoa yetu, ombi langu ni hili. Kipimo cha TSH kishuke hadi ngazi za chini, kisiishie kwenye maabara kubwa za mjini, na matabibu wa zahanati na vituo vya afya wakumbushwe dalili zake hata kama shingo haijavimba. Dawa nayo ipatikane karibu. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini mimi hupanda gari mpaka Mwanjelwa kuitafuta. Na kliniki za wajawazito ziwaulize akina mama kama wamekwisha kuanza dawa hii, kwa kuwa mimba huongeza mahitaji ya dozi tangu majuma ya mwanzo, na ubongo wa mtoto tumboni unaitegemea. Mwalimu mwenzangu kijana alipopata ujauzito aliiacha dawa akidhani anamlinda mtoto. Hakuna aliyekuwa amemwambia kinyume chake.

Jirani yangu, ambaye naye analalia mablanketi mawili na sauti yake imekuwa nzito, alikwenda kupima wiki iliyopita. Shingo yake haina kitu. Majibu tunayasubiri.

Wako,
Mwalimu wa shule ya msingi,
Uyole, Mbeya.