Kwa Nini Unalipia Saa Nzima kwa Dakika Nne za Kazi

Sisi wakufunzi wa mazoezi ya baiskeli za ndani, zile zisizotembea, kuna lalamiko linalotufikia kila mara: "Nimelipia saa nzima, kazi yenyewe dakika nne!" Juzi mteja mmoja, mkimbiaji hodari aliyehamia kwenye baiskeli baada ya magoti kumsumbua, alitwambia wazi kuwa anahisi ameibiwa, maana muda mwingi tulikuwa tunapima kiti na kumpasha mwili joto.

Hizo dakika nne zina asili yake. Mwaka 1996 Izumi Tabata na wenzake wa Japani walichapisha utafiti wa sekunde 20 za nguvu zote na sekunde 10 za mapumziko, mizunguko saba au minane tu. Leo watu wanafanya zoezi hilo kwa kurukaruka, lakini lilipimwa kwenye baiskeli iliyokazwa hadi mtu akaishiwa kabisa. Mkimbiaji akitua, ardhi humrudishia nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wake, na akichoka hatua zinaharibika. Kwenye baiskeli ukichoka, pedali zinapunguza mwendo, basi.

Ila baiskeli inataka vipimo. Pedali ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjwa kama digrii 25 hadi 35. Tunapima mteja akiwa amevaa viatu atakavyofanyia mazoezi, kisha tunapima tena akishatoka jasho, kwa sababu mtu aliyechangamka hakai kama alivyokaa alipofika. Kiti kikiwa chini, maumivu huja mbele ya goti; kikizidi juu, nyonga zinayumba na maumivu yanahamia nyuma. Tulishampokea mama aliyeapa kuwa baiskeli ndiyo iliyomharibia magoti. Kumbe alikuwa anashusha kiti ili nyayo zote ziguse sakafu! Tulikipandisha kidogo kidogo, na hadi leo anaendesha.

Njia ya mkato tunayoiona zaidi ni kulegeza uzito wa pedali ili zizunguke kirahisi. Baiskeli nyingi za ndani zina gurudumu zito lililoungana moja kwa moja na pedali, hivyo likishashika kasi linaivuta miguu lenyewe. Mteja anaona namba zinapanda, jasho linamtoka, anafurahi. Sisi tunaangalia makalio: yakidundadunda kwenye kiti, hakuna kazi pale. Tunakaza mpaka sekunde za mwisho azipiganie.

Wengine hulalamika kuwa saa ya mkononi inaonyesha mapigo ya moyo machache kuliko wanapokimbia. Ni kawaida. Baiskeli imekubeba na misuli inayofanya kazi ni michache, kwa hiyo vipimo vya mbio usivilete huku. Tunakupimia upya.

Na wapo wanaotuacha wakajifanyie wenyewe, siku ya kwanza nguvu zote. Kijana mmoja, mcheza mpira mwenye pumzi ya kutosha, alifanya hivyo. Mapaja yakavimba, mkojo ukawa wa kahawia, akalazwa: misuli ilikuwa inavunjika na mabaki yake yanaelemea figo. Pumzi alikuwa nayo, ila mapaja hayakuizoea kazi ile. Ndiyo maana mgeni kwetu anaanza na mizunguko michache, mapumziko marefu, hata akinuna. Hatuuzi vipindi vya kila siku pia, hata kwa anayetaka kulipa. Vipindi viwili au vitatu kwa wiki, vyenye nafasi katikati, vinatosha.

Bei yetu inaonekana kubwa kwa sababu mkufunzi mmoja anashika watu wachache, awaone wote magoti yao. Kwingine utalipa pungufu na hakuna atakayegusa kiti chako.

Mkimbiaji asiache kabisa kutembea, kubeba vyuma au kukimbia kidogo, kwa kuwa baiskeli haiipi mifupa ule mzigo inaouhitaji. Ukija, njoo na viatu vyako, fika mapema, na kama una shinikizo la damu, tatizo la moyo au goti lililowahi kupasuliwa, sema kabla hujapanda.