Dawa ilikuwa ndogo

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema uliacha sigara siku tatu, ukarudi, na sasa umejihukumu kuwa huna msimamo. Hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Kwa jinsi ulivyonieleza mwenendo wa siku hizo tatu, ninachokiona ni dawa ndogo, tena iliyotumiwa vibaya. Hilo linarekebishika.

Tazama asubuhi yako. Sigara ya kwanza unaiwasha hujashuka kitandani, na pakiti ya 20 haifiki kesho. Muda kati ya kuamka na kuwasha unaonyesha uzito wa uraibu kuliko hata hesabu ya sigara. Anayewasha ndani ya dakika 30 amekamatwa sana. Wewe hata 5 hazipiti. Nikotini haikai mwilini, kila baada ya saa 2 hivi nusu yake imeondoka, kwa hiyo ukiamka akiba ya jana imekwisha. Na ubongo wa mvutaji wa miaka mingi umejiongezea vipokezi vya nikotini, yaani sehemu za kuipokea, vyote vinadai kwa pamoja. Pafu la kwanza linafika ubongoni kwa sekunde 10 hadi 20, dopamini, kemikali ya raha, inamwagika, unatulia. Unadhani sigara imekutuliza. Kumbe imekuondolea arosto, yaani mateso ya kukosa nikotini, ambayo sigara za jana ndizo zilizoileta.

Arosto hiyo huanza saa chache tu baada ya sigara ya mwisho, hupanda hadi kilele siku ya pili na ya tatu, kisha hushuka taratibu kwa wiki 2 hadi 4: hasira za haraka, usingizi wa vipande vipande, akili kutotulia mahali pamoja, njaa. Ulirudi siku ya tatu jioni, yaani juu kabisa ya mlima, ukiwa umebandika plasta ya nikotini ya miligramu 14. Plasta hiyo ni ya kuanzia kwa anayevuta sigara 10 au pungufu. Wewe wa pakiti nzima huanza na 21, kila siku kwa wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2. Wengi huacha plasta wiki ya pili kwa kuwa wanajisikia vizuri. Wanajisikia vizuri kwa sababu plasta ipo!

Ibandike asubuhi kwenye ngozi kavu isiyo na nywele, kwenye mkono wa juu, kifuani au nyongani, uikandamize kwa kiganja sekunde 10. Usipake mafuta mahali hapo, haitashika. Kesho hamisha, na usirudi palepale kabla ya wiki moja, la sivyo ngozi itawasha na kuwa nyekundu. Usiikate vipande. Ikikuletea ndoto kali, ivue unapolala. Iliyotumika bado ina nikotini: ikunje gundi kwa gundi na uitupe mbali na watoto, kisha nawa mikono.

Ila plasta ni ya polepole. Inachukua saa kadhaa kufika nguvu yake, na hamu ya ghafla haiwezi kuizima. Kazi hiyo ni ya chingamu ya nikotini, na hapa ndipo ulipokosea zaidi. Umeniandikia kwamba ulikuwa unaitafuna kama pipi ya kawaida, ukapata kwikwi na kiungulia, ukaona haina maana. Nikotini ya chingamu huingia kupitia utando wa ndani ya shavu. Ukitafuna mfululizo unaimeza na mate, na ile iliyomezwa sehemu kubwa huharibiwa na ini kabla ya kufika ubongoni. Umepata madhara yake, faida yake hukuipata.

Fanya hivi: tafuna polepole, kama mara 15, mpaka usikie mwasho kama wa pilipili. Simama. Ibane kati ya shavu na ufizi kwa dakika moja hivi, mwasho ukiisha tafuna tena, halafu ibane upande mwingine. Moja hudumu kama nusu saa. Kwa asubuhi yako ile, chukua ya miligramu 4; ya 2 ni ya wale wanaoweza kungoja zaidi ya nusu saa. Iweke mdomoni mara ukiamka, kabla ya jambo lingine lolote. Kahawa, soda na maji ya matunda vina asidi inayozuia nikotini isipenye, kwa hiyo usinywe wala usile dakika 15 kabla na wakati unatafuna. Zisizidi 24 kwa siku. Plasta na chingamu kwa pamoja vinafanya kazi vizuri kuliko kimoja peke yake, na si hatari kama ulivyoambiwa.

Kuna jambo la kahawa ambalo watu wengi hawaelezwi. Moshi wa tumbaku huliharakisha ini kuvunja kafeini. Moshi ukikatika, vikombe vilevile sita vinaacha kafeini karibu mara mbili katika damu. Mikono inatetemeka, moyo unadunda, usingizi unakimbia, na mtu anadhani ni arosto. Punguza kahawa nusu kuanzia siku ya kwanza. Kwa sababu hiyohiyo, anayemeza teofilini (ya pumu), klozapini au olanzapini (za maradhi ya akili) lazima amwambie daktari kwamba anaacha, maana kipimo cha dawa kinaweza kuhitaji kushushwa. Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na insulini nazo zinahitaji kuangaliwa.

Kuhusu wazo lako la kupunguza hadi sigara moja baada ya chakula: kama ni ngazi ya kuelekea sifuri, sawa. Kama ni makao, hapana. Sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayoipata mvutaji wa 20. Moyo na mishipa haihitaji moshi mwingi ili iumie. Zile za "laiti" nazo usizihesabu, vitundu vya kichungi vinazibwa na midomo na vidole, na mwili unavuta kwa nguvu zaidi kufidia. Nikotini ndiyo inayokushika, lakini saratani ya mapafu na mapafu kuchakaa vinaletwa na moshi wenyewe, na ndiyo maana plasta ya wiki 10 hainitishi hata kidogo.

Umeuliza kama umechelewa. Madaktari wa Uingereza waliofuatiliwa tangu 1951 na watafiti Richard Doll na Austin Bradford Hill wametupa jibu, lililochapishwa 2004: aliyeacha akiwa na miaka 40 alirudishiwa takriban miaka 9 ya maisha kati ya 10 ambayo sigara ingemchukulia, akiwa na 50, miaka 6. Wewe ndiyo kwanza unaingia 40. Kaboni monoksidi hutoka katika damu ndani ya siku moja au mbili. Kikohozi kinaweza kuzidi wiki za mwanzo, kwa sababu vinyweleo vya njia za hewa vimeamka na vinafagia. Kisikutishe, ila ukiona damu kwenye makohozi nenda hospitali siku hiyohiyo. Choo kigumu nacho huja, kunywa maji. Uzito huongezeka, kwa wastani kilo 4 au 5 mwaka wa kwanza, na sitakuficha hilo.

Hamu ikipanda hudumu dakika chache tu. Inuka, ondoka pale ulipo, kunywa maji, weka chingamu. Pombe iache wiki mbili za mwanzo, maana imewarudisha wengi kwenye sigara. Ukiteleza ukavuta moja, usiivue plasta wala usiseme yote yameharibika. Endelea na ratiba siku ileile. Ikigoma kabisa, mwone daktari akuangalie kwa vidonge vya vareniklini, ambavyo huanzwa wiki moja kabla ya siku ya kuacha na humezwa wiki 12. Bupropioni, kidonge kingine cha kuacha sigara, usikubali kama umewahi kupata degedege au kifafa.

Chagua tarehe ndani ya wiki mbili, iwe siku isiyo na safari wala sherehe. Nunua plasta na chingamu kabla, ondoa vibiriti na visahani vya majivu usiku wa kuamkia siku hiyo. Kisha niandikie tarehe yenyewe, nami nitakupigia siku ya tatu, jioni.

Wako daima.