Kuta za Mji Mkongwe na waifai: meshi ipi, na uiweke wapi

Wateja wengi wanaokuja dukani kuulizia meshi, yaani vifaa kadhaa vya waifai (vituo) vinavyofanya kazi pamoja kama mtandao mmoja, huanza na swali la idadi. Nyumba ina vyumba sita, ina ghorofa mbili na uwa, basi vifaa vitatu vitatosha au tuchukue vinne? Sisi tunaanza kwingine: kuta zako ni za nini? Kwa hapa Unguja jibu la hilo linaamua karibu kila kitu, kabla ya jina la kampuni na kabla ya namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi.

Tuanze na nyumba ngumu kuliko zote. Nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wake mara nyingi unafika nusu mita ya unene. Jiwe hilo lina vitundu na linanyonya unyevu, na maji popote yalipo hula mawimbi ya waifai. Halafu kuna boriti, ambazo hakuna anayezifikiria siku ya kununua ruta. Dari za nyumba hizi zimebebwa na boriti za mikandaa, na mkandaa una urefu wake, haurefuki kwa kumpendeza mwenye nyumba. Ndiyo maana vyumba vilijengwa vyembamba, kiasi cha mita mbili na nusu mpaka tatu kwa upana, lakini virefu. Waifai ikipita kwa urefu wa chumba haina tabu. Ikitaka kuikata nyumba kwa upana, kila baada ya hatua chache inakutana na nusu mita ya mawe, na kuta mbili za namna hiyo zinatosha kuimaliza kabisa.

Kwa hiyo utaona jambo la ajabu: simu inashika vizuri mwisho wa ukumbi, mita kumi na mbili kutoka kwenye ruta, na inakufa chumba cha jirani ambacho ukinyoosha mkono unakigusa. Ruta haina kosa. Nyumba ndivyo ilivyo.

Kwenye maflati ya Michenzani mambo yanageuka. Flati si kubwa, na ruta moja iliyokaa katikati huwa inatosha. Kinachosumbua pale ni majirani: juu, chini, kushoto, kulia, kila mmoja na ruta yake. Katika masafa ya GHz 2.4, moja ya njia za hewani ambazo waifai husafiria (nyingine ni GHz 5), kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na nyumba ishirini zinazigombania. Ukileta vituo vitatu vya meshi hapo unazidisha zogo, wala hujatatua kitu. Mteja wa flati ndogo tunamwambia aitoe ruta nyuma ya televisheni, aiweke juu ya kabati pahali pa wazi, na aviunganishe vifaa vyake kwenye GHz 5, yenye chaneli nyingi zaidi na isiyopenya sana kuta za jirani. Duka halipati faida kwa ushauri huo, lakini mtu harudi na malalamiko.

Nyumba mpya za Fuoni, Mbweni au Chukwani ziko katikati ya hayo mawili. Tofali la saruji la inchi sita linapitika. GHz 5 itavuka ukuta mmoja, pengine miwili, na GHz 2.4 itavuka zaidi. Kizuizi chake ni zege la ghorofa na nondo zilizomo ndani yake. Nyumba ya ghorofa moja juu, hesabu kituo kimoja kwa kila sakafu, kisha ndio uulize kuhusu banda la uani.

Kabla hujatoa pesa

Fanya jaribio hili, halina gharama. Simama mita mbili kutoka kwenye ruta, uhakikishe simu iko kwenye GHz 5, upime kasi. Kama unalipia kifurushi cha Mbps 20 (megabiti 20 kwa sekunde) na unapata Mbps 19, basi laini yako ni nzima na tatizo ni kuta. Kama hapo hapo karibu na ruta unapata Mbps 6, meshi haitakusaidia hata ukinunua ya bei ya pikipiki. Hiyo ni kesi ya kampuni inayokuletea intaneti, au ya ruta yenyewe, na huko ndiko pa kuanzia. Rudia jaribio usiku, baada ya Isha, watu wote wakiwa mtandaoni, kwa sababu laini nyingine zinang'ara asubuhi tu.

Baada ya hapo weka kwenye simu ya Android programu ya kupima nguvu ya waifai, utembee chumba kwa chumba. Itakuonyesha namba hasi. Karibu na -50 ni nzuri sana. Mpaka -67 simu ya video bado inaenda bila kukatika. Ikishafika -75 na kuendelea, picha zinaganda. Ziandike namba hizo kwenye karatasi yenye ramani ya nyumba, hata kama ramani yenyewe umeichora vibaya. Kwetu ina thamani kuliko maelezo ya nusu saa.

Vituo vinazungumzaje?

Kinachotofautisha meshi na ile ripita ya kuchomeka ukutani, inayorudia tu mawimbi ya ruta, ni kwamba vituo vyote vinatumia jina moja na nywila moja, na vinasimamiwa pamoja. Unatoka sebuleni kwenda juu na simu inahama kituo bila wewe kugusa kitu. (Kwa kweli simu ndiyo inayoamua kuhama, meshi inaishawishi tu. Simu za zamani zina ukaidi, hung'ang'ania kituo cha mbali mpaka kipotee kabisa.)

Lakini meshi haizalishi intaneti. Kituo cha pili kinagawa kile kilichofikishiwa na cha kwanza, na kama kati yao kuna ukuta wa matumbawe, kinagawa makombo. Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Mtu anakiweka kituo cha pili ndani ya chumba kisichoshika, kwa mantiki kwamba huko ndiko kwenye shida. Taa inawaka, simu inaonyesha mistari yote, na ukurasa haufunguki. Mistari ile inapima nguvu ya mawimbi kati ya simu na kituo kilicho mbele yake. Haikuambii kitu kuhusu safari ya kituo hicho kurudi kwenye ruta.

Meshi ya bei nafuu huwa na masafa mawili, na kituo cha pili hupokea na kugawa kwa masafa hayo hayo. Haiwezi kufanya yote mawili kwa wakati mmoja, hivyo kasi hushuka karibu nusu kwa kila mruko wa kutoka kituo kimoja hadi kingine. Tuseme kati ya vituo viwili inapita Mbps 120. Kwenye simu itafika 60 hivi. Kwa mwenye kifurushi cha Mbps 20, hiyo si hasara yoyote, na wala asidanganywe kununua kubwa zaidi. Mwenye Mbps 100 au 200 ndiye ataisikia, na ndiye anayefaa kutazama meshi ya masafa matatu, ambayo ina redio ya ziada kwa ajili ya mazungumzo ya vituo peke yake.

Au avute waya. Kwa nyumba ya mawe tungesema hivi kwa kila mtu: vituo viwili vilivyounganishwa kwa waya vinavishinda vinne vinavyopigiana kelele kupitia ukutani. Waya haujali matumbawe. Waya wa mtandao wa aina ya Cat5e unabeba gigabiti moja (Mbps 1000) mpaka mita 100, na hakuna nyumba Shangani wala Malindi inayofika huko. Watu wanaogopa kutoboa, na wana haki. Ukuta wa chokaa ukitobolewa ovyo unamwagika, na sura ya nje ya nyumba za Mji Mkongwe haiguswi kiholela, eneo zima ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000. Mara nyingi hakuna haja ya kutoboa. Waya hupanda na ngazi, hufuata kona ya boriti, hupita juu ya fremu ya mlango, na ukiufunika kwa mfereji mwembamba wa plastiki mgeni hauoni.

Waya wenyewe uuangalie. Sokoni kuna nyaya nyingi za alumini zilizopakwa shaba kwa juu. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiwa mweupe ndani, si shaba, na kichwa chake kitalegea mapema, hasa kwa hewa yetu ya chumvi. Waya una nyuzi nane. Moja ikikatika unganisho linaweza kushuka mpaka Mbps 100 bila kukuambia. Na kama banda la uani ni jengo la peke yake, tunapendelea faiba (waya wa nyuzi za kioo) kati ya majengo kuliko shaba, kwa sababu radi za masika hupita kwenye shaba na kuchoma poti, yale matundu ya kuchomekea waya, za pande zote mbili.

Boksi linasema nini

AC1200 haina maana ya Mbps 1200 kwenye simu yako. Ni jumla ya 300 za GHz 2.4 na 867 za GHz 5, zikakuzwa kidogo kwa ajili ya kuuza, na zote ni za nadharia. Tazama poti badala yake. TP-Link Deco E4 na Deco M4 zinafanana, zote nyeupe, za mviringo, zote zimeandikwa AC1200. M4 ina poti za gigabiti, E4 ina poti za Mbps 100. Kadhalika Tenda: MW6 ina za gigabiti, MW3 ina za Mbps 100. Mwenye kifurushi cha Mbps 30 achukue ile ya bei ndogo bila wasiwasi. Anayepanga kupandisha kifurushi, au kuvuta waya ili umdumu miaka, aongeze kidogo.

Wi-Fi 6, yaani kizazi cha sita cha waifai, tunaipendekeza kwa nyumba yenye vifaa vingi: simu za familia nzima, televisheni, kamera, kompyuta za watoto wa skuli. Kwa iPhone imeanza na toleo la 11, la 2019. Simu za zamani zaidi zitaunganishwa, ila hazitaona tofauti kubwa. Masafa ya GHz 6, yanayokuja na Wi-Fi 6E na Wi-Fi 7, ni ya kasi sana, lakini yanapenya ukuta vibaya kuliko hata GHz 5. Kwenye nyumba ya mawe, kuyalipia bila waya ni pesa ya bure.

Jambo jingine, baki kwenye ukoo mmoja. Deco za aina tofauti zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe, hivyo unaweza kuanza na mbili na kuongeza baadaye. Kipo kiwango cha EasyMesh kilicholetwa na Wi-Fi Alliance, muungano wa kampuni za waifai, mwaka 2018 ili vifaa vya kampuni mbalimbali vielewane, lakini sisi hatungemshauri mteja kuchanganya kwa kukitegemea hicho.

Kuweka na kuwasha

Kama huvuti waya, kituo cha pili kikae mahali ambapo namba bado ni nzuri, -60 mpaka -65 hivi, katika njia ya kuelekea kwenye giza. Katika nyumba ya zamani pahali hapo karibu kila mara ni kwenye ngazi, au mkabala na mlango unaokaa wazi, au upande wa uwa wa ndani, ambako mawimbi yanavuka hewani bila kukutana na jiwe. Usikifiche ndani ya kabati. Usikiegemeze kwenye kioo kikubwa, friji wala tangi la maji.

Ruta ya kampuni ya intaneti zima waifai yake, la sivyo simu zitaendelea kuikimbilia. Kisha iambie meshi ifanye kazi kama kituo cha kugawa tu, chaguo ambalo liko kwenye programu yake. Ukiacha ruta mbili zikitawala nyumba moja, mambo mengi yataenda, mpaka siku utakayotaka kuangalia kamera zako ukiwa Dar es Salaam. Kamera nyingi pia zinajua GHz 2.4 tu, zikikataa kuungana, wezesha mtandao wa vifaa vya nyumbani ndani ya programu hiyo hiyo.

Umeme. Waliokuwepo kisiwani katika lile giza la miezi mitatu lililoanza Disemba 2009 hawahitaji somo. Ukikatika leo kwa saa mbili, faiba inaweza kuendelea kuwa hai huko nje, lakini kifaa cha faiba, ruta na kila kituo cha meshi vinahitaji umeme wao. UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12 inabeba vifaa hivi vizuri. Soma kibandiko cha adapta, volti zilingane na ampea za UPS zisipungue. Weka moja kwenye kifaa cha faiba na ruta, na moja kwenye kituo cha chumba unachofanyia kazi. Vingine viache vizime.

Ukija dukani, njoo na ile ramani yenye namba, jina la kifurushi chako, picha ya nyuma ya ruta ionyeshe poti, na picha ya ngazi. Kama kwenye kibandiko cha ruta pana nywila, ifunike kwa kidole kabla hujapiga.