Barua kwa Rukia kuhusu mdudu wa zulia la Bi Mkubwa

Mpendwa rafiki yangu Rukia,

Salamu nyingi zikufikie wewe, Bi Mkubwa na wote walioko hapo nyumbani Unguja. Mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Ama baada ya salamu, kile kibiriti chenye mdudu ulichompa Omari kimenifikia salama. Omari ameniambia pia kwamba mtaa mzima umekwisha kusikia kuwa zulia la Bi Mkubwa limetoa spishi mpya ya mdudu, na kwamba mdudu huyo ataitwa kwa jina lake. Nakuomba unisome hadi mwisho kabla habari hiyo haijavuka bahari.

Ni mbawakawa wa mazulia kweli, wa jenasi (kundi la spishi za ukoo wa karibu) ya Anthrenus, na urefu wake haufiki milimita 4. Nimemweka chini ya hadubini na kumgeuza kila upande. Papasi zake, yaani zile pembe nyembamba za kichwani, zina pingili 11, na tatu za mwisho zimenenepa kuwa kirungu kidogo ambacho, akishtuka, hukilaza ndani ya kijishimo chake, akakunja na miguu, akajifanya mfu. Ukingo wa ndani wa jicho lake umeingia ndani, ukaacha pengo. Alama hizo zinamwondoa Anthrenus museorum, ambaye papasi zake zina pingili 8 tu, na zinamwondoa Anthrenus verbasci, ambaye naye ana pingili 11 lakini jicho lake halina pengo. Mpaka hapo, Rukia, moyo wangu ulidunda kama wako.

Lakini rangi ndiyo iliyokupa uhakika, na rangi ndiyo nisiyoiamini. Mgongo wa mdudu huyu umefunikwa na magamba madogo sana, meupe, ya kahawia na ya dhahabu, yaliyopandana kama vigae vya paa, na magamba hayo hupukutika kadiri anavyozeeka na kujisugua. Mzee na kijana wa spishi moja wanaweza kuonekana kama wageni wasiojuana. Huyu wako ana upara mkubwa katikati ya mgongo, kwa hiyo ule mchoro ulioniandikia kwamba haufanani na picha yoyote huenda ni mabaki tu ya mchoro wa kawaida.

Ninayemshuku kwanza ni Anthrenus flavipes, aliyepewa jina na LeConte mwaka 1854, ambaye ameenea katika nchi nyingi zenye joto kwa kusafiri ndani ya sufu, manyoya na samani. Mdudu huyo huyo aliwahi kuelezwa upya na Waterhouse mwaka 1883 kama Anthrenus vorax, na baadaye ikabainika kuwa ni mmoja, jina la zamani likabaki na la pili likaondolewa. Sitaki jina la Bi Mkubwa lipatwe na hayo. Na zulia lenyewe, kama ninavyokumbuka, mjomba wako alilileta kutoka Muscat, kwa hiyo kumlinganisha na wadudu wa Afrika Mashariki peke yao hakutatosha. Itabidi niwatazame wa Oman, wa Iran na wa India pia, kwa maana mdudu aliye mgeni Unguja anaweza kuwa mwenyeji wa siku nyingi mahali pengine.

Sikuandikii haya ili nikukatishe tamaa. Spishi mpya za mbawakawa hawa bado zinapatikana, hata Ulaya ambako wamechunguzwa kwa karne nyingi. Mwaka 2019 Graham Holloway wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, alieleza Anthrenus amandae kutoka kisiwa cha Mallorca, Uhispania, katika kundi la Anthrenus pimpinellae ambalo spishi zake zinafanana mno. Katika kundi hilo hilo yumo Anthrenus isabellinus, aliyeelezwa na Küster mwaka 1848, ambaye kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa sura nyingine tu ya pimpinellae, mpaka watafiti walipomrudishia hadhi ya spishi kamili mwaka 2020. Kinachowatenganisha hasa ni viungo vya uzazi vya dume. Mdudu mkavu hulowekwa katika asidi hafifu, ile iliyomo kwenye siki, hadi alainike, kisha fumbatio, yaani tumbo lake, linafunguliwa kwa sindano na kiungo hicho, kisichofika hata milimita moja, kinatolewa, kinapimwa na kupigwa picha. Huyu wako, kwa bahati mbaya, amekatika fumbatio lote, na siwezi hata kukuambia kama ni dume au jike.

Hata nikishajiridhisha, jina halisimami mpaka maelezo yachapishwe na mdudu mmoja atajwe waziwazi kuwa holotaipu, yaani yule ambaye jina linafungwa kwake daima, na ahifadhiwe mahali ambapo mtafiti yeyote anaweza kumtazama. Ndiyo maana nahitaji wengi, wazima, madume kwa majike.

Basi nakuomba, usilipulizie dawa zulia lile kwanza. Kata kipande kidogo cha pembeni chenye mabuu, ukitie ndani ya chupa iliyofunikwa kwa kitambaa, na uwe na subira, kwa sababu mabuu ya jamaa zao wa Ulaya huweza kuchukua mwaka mzima, hata miwili, kabla ya kukomaa. Sehemu iliyobaki ianikwe juani na kupigwa vizuri, tena mbali na Bi Mkubwa, kwani ule muwasho wa mikono yake huenda hautokani na kuumwa bali na nywele za mabuu, zenye ncha kama za mkuki, ambazo hukatika na kunasa kwenye ngozi. Wadudu waliokomaa hawali zulia kabisa. Hao hula chavua na hupenda mwanga, kwa hiyo watafute kwenye vizingiti vya madirisha na kwenye maua ya giligilani. Kila utakayempata, mtie katika spiriti na uandike tarehe na mahali.

Sasa nijibu haya bila kuchelewa. Zulia hilo lililetwa mwaka gani, na lilifunguliwa hapo hapo au lilikaa stoo kwanza? Mjomba anajua lilifumwa wapi? Wadudu hawa mlianza kuwaona kabla yake au baada yake? Nyumba ya akina Time, ambao najua wana mazulia ya namna hiyo hiyo, nao wanao? Na Bi Mkubwa mwenyewe, je, amekubali kweli jina lake apewe mdudu, au ni wewe uliyemkubalia?

Rafiki yako akupendaye,
Mwanaidi