Mpingo usiingie katika bani la tumbaku

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mpingo, mti ambao huku Tabora unakatwa ungali mwembamba na kuchanganywa na kuni za bani, yaani jengo la kukaushia tumbaku, au kufukiwa katika matanuri ya mkaa, kana kwamba hauna tofauti na miti mingine ya miombo.

Thamani ya mpingo imo katika kiini chake cheusi, kinachozungukwa na tabaka jembamba la rangi ya manjano hafifu. Huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa, na kwa kuwa shina lake aghalabu limepinda na lina mifereji, sehemu kubwa ya gogo hutupwa hata baada ya miaka yote hiyo. Anayekata mti wenye unene wa mkono hapati weusi wowote wa maana. Anapata moto wa usiku mmoja, jambo linaloniuma sana.

Kiini hicho ni kizito hata huzama majini, kina mafuta ya asili na hakivimbi ovyo kikipata unyevu wa pumzi. Ndiyo sababu mafundi wa Ulaya hukitumia kutengenezea klarineti na obo, ala za muziki za kupuliza. Sifa ya vinyago vya Wamakonde inajulikana, nasi tunajua michi na bakora zake. Mninga na mkurungu hutetewa kwa sababu ya vitanda na milango, lakini mpingo, usiotoa mbao pana, husahaulika.

Biashara ya nje ya mpingo imo chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017, ila mkataba huo hauoni kinachoingia katika bani kijijini. Kule Kilwa, vijiji vinavyosimamia misitu yao vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, kinachothibitisha kuwa msitu unavunwa kwa uangalifu, na kuuza mpingo kwa faida ya wanakijiji.

Naziomba kamati za maliasili za vijiji vyetu zipige alama kila mpingo kabla ya kibali chochote cha kuni kutolewa, na zisimamie uchomaji wa nyasi ufanyike mapema kiangazi kinapoanza, kwa sababu moto mkali wa Septemba hujeruhi shina, na jeraha hilo huozesha kiini.

Msomaji wako,
Sikonge, Tabora