Uliza kwanza amepakwa nini

Achieng dadangu,

Habari za Nakuru, hiyo baridi ya huko umeizoea ama bado unavaa sweta juu ya sweta? Sisi huku Kisumu jua linatumaliza tu. Nimesikia wamekupeleka kufanya kazi kliniki ya watoto na unasema ngozi inakuchanganya, kila kitu unaona ni upele. Pole, na si wewe peke yako. Zile picha za vitabu nyingi ni za watoto wazungu, kila mahali wameandika wekundu, na kwa hawa wetu wekundu hauonekani hivo, unaona tu mahali pamekaa zambarau ama peusi kuliko pembeni, so gusa na mgongo wa mkono usikie kama pana joto.

Mimi kabla hata niulize imeanza lini nauliza mtoto amepakwa nini, na uulize kama mnapiga tu stori, ukikunja uso mama atakwambia hakuna. Analetwa mtoto na kitu kimesambaa usoni, hakina duara hakina ukingo, kumbe ni mashilingi tu, ile fangasi ya ngozi, na nyumbani kuna tyubu ya steroidi ya dukani, inatuliza kuwasha huku fangasi inasambaa chini kwa chini. Steroidi iachwe, upake krimu ya fangasi kama clotrimazole. Mapunye ya kichwani nayo krimu peke yake haiwezi, fangasi imeingia kwa nywele yenyewe, hapo ni griseofulvin ya kumeza wiki 6 mpaka 8, na ameze na maziwa ama chakula cha mafuta. Wengi wanaacha magamba yakiisha, waonye mapema.

Upele ule wenyewe wa kuwasha usiku, unaoletwa na wadudu wadogo wa ngozi, cheki katikati ya vidole na kwa kifundo cha mkono, mtoto mchanga mpaka viganja na nyayo. Usitibu mmoja na wote wanalala pamoja, hiyo ni kuchota maji na kikapu. Krimu ya permethrin 5%, dawa ya kuua hao wadudu, wapake wote usiku mmoja, waoge asubuhi, warudie baada ya siku 7, shuka zifuliwe na maji moto. Na uwaambie kuwasha kunaweza kuendelea wiki 2 mpaka 4 hata wadudu wakishakufa, la sivyo hao wanarudi kwa ile tyubu.

Sasa kuungua ndio kunaniuma roho. Chai, uji, jiko la makaa limewekwa chini mtoto anatambaa, alafu analetwa amepakwa dawa ya meno ama yai, huwezi hata kuona kidonda kimeingia ndani kiasi gani mpaka uoshe na yeye analia. Wafundishe akina mama maji ya mfereji dakika 20, si barafu, na bado yanasaidia ndani ya masaa 3 so usiogope kuanza wewe mwenyewe hapo kliniki, bora mwili uliobaki ufunikwe asipate baridi. Kiganja cha mtoto mwenyewe pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya mwili wake, pima na hicho. Ikipita 10, ama ikiwa ni uso, mikono, viungo au sehemu za siri, usikae naye, mpe dawa ya maumivu umpeleke rufaa.

Ile ya kiwiko kuchomoka mtoto akivutwa mkono nitakuonyesha ukikuja, kuandika siwezi. Msalimie shemeji, na mwambie bado namdai samaki.

Wako,
Adhis